Pikipiki Haijilipi Yenyewe

Kuanzia Lodwar hadi Kakuma naulizwa swali lile lile: "Mzee, ninunue pikipiki kwa taslimu au nichukue mkopo?" Kabla sijajibu, muulizaji ananikatiza: "Si itajilipa yenyewe?" Huyo hajaja kuuliza. Ameshaamua, anatafuta wa kumuunga mkono, nami simuungi.

Tuseme baada ya malipo ya awali umebaki na deni la Sh150,000, riba asilimia 3 kwa mwezi, miezi 18. Muuzaji atakutajia Sh430 tu kwa siku, kwa kuwa ndiyo tarakimu isiyotisha. Mwambie akutajie zilizobaki. Asilimia 3 ya deni hilo ni Sh4,500, mara miezi 18 ni Sh81,000. Utarudisha Sh231,000. Riba hiyo inatozwa juu ya deni la mwanzo hadi mwezi wa mwisho, hata ukiwa umebakiza kidogo. Ukiipima kwa salio linalopungua, inakaribia asilimia 5 kwa mwezi. Bado bima, kifaa cha kufuatilia pikipiki na ada za mkopo.

Itajilipa kwa pesa za nani? Za abiria. Na abiria wa Kakuma wana pesa mgao wa wakimbizi unapotoka na mishahara ya mashirika na kaunti inapoingia. Siku za katikati watu wanatembea kwa miguu, ilhali deni halina siku za katikati. Mwaka 2025 misaada ya chakula ilipokatwa Kakuma na Kalobeyei, familia zilibana kila senti, na nauli ya boda ni kati ya vitu vya kwanza kuachwa. Hakuna mkataba wa mkopo niliousoma unaosema malipo yapungue mgao ukipungua. Mvua ikinyesha mbali, laga (mto wa msimu) ikafurika, hupiti. Siku hiyo hukupata kitu na bado unadaiwa. Ongeza petroli, oili, miiba inayotoboa matairi, na chakula chako mwenyewe. Deni linalipwa na kinachobaki baada ya hayo yote. Zile noti unazohesabu stendi jioni si faida, na inaniudhi kuona watu wazima wakiziita faida.

Kama unaendesha pikipiki ya mtu na kumpelekea pesa kila jioni, jibu tayari unalo. Andika kwa miezi miwili siku ulizoshindwa kumpelekea kiasi mlichokubaliana. Siku kama hizo ungeshindwa pia kulipa mkopo. Mwenye pikipiki atakuvumilia. Mkopeshaji ana sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali inayohamishika: ikiwa ulikubali hivyo kwa maandishi, anaweza kuitwaa pikipiki bila kwenda mahakamani kwanza. Soma mkataba wako. Aghalabu kifungu hicho kimo.

Taslimu basi? Ndiyo, kama pesa ipo na hutabaki mikono mitupu. Usiuze mbuzi wote katikati ya ukame, bei ikiwa imeanguka, ili ujisifu kwamba hudaiwi. Hiyo nayo ni hasara. Kwa wengi njia iliyo bora ni Sacco. Nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua: kwa Sh150,000 zile zile na miezi 18 ile ile, riba yote haifiki Sh15,000. Lazima uweke akiba kwanza, basi anza leo. Mwalimu au mfanyakazi wa kaunti anayetaka gari la Probox afanye hesabu hiyo hiyo. Asiyetaka riba kwa ajili ya dini aulizie murabaha, ambapo benki inanunua na kukuuzia kwa bei mliyoafikiana, kisha ailinganishe bei hiyo na ya taslimu. Mkimbizi anayenunua kwa jina la rafiki aelewe kwamba Sheria ya Trafiki, kifungu cha 8, inamhesabu aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenyewe hadi ithibitishwe vinginevyo. Waandikiane mbele ya wakili.

Ukilazimika kukopa, omba jumla ya kurudisha kwa maandishi kabla ya kutia sahihi, na uulize ukimaliza mapema riba inapungua au la. Ukilipa awamu ya mwisho, usiondoke bila barua ya kumaliza deni, na ufuatilie hadi jina la mkopeshaji liondolewe kwenye usajili wa NTSA.