Gemu la 1999 Halihitaji Windows 7

Wiki hii alikuwa mwalimu kutoka Shishiyu. Wiki iliyopita alikuwa kijana wa duka la dawa za mifugo hapahapa Bariadi, na kabla yake askari aliyehamishiwa huku kutoka Tanga. Maneno ni yaleyale, kama wamekaririshwa darasa moja: "Fundi, nipigie Windows 7, nataka kucheza gemu la zamani."

Mwalimu aliongeza jambo lililonifanya niweke bisibisi chini. Gemu ameshalilipia. Ni Heroes of Might and Magic III, toleo kamili, amelinunua GOG, duka la magemu la mtandaoni, kwa kadi ya kwenye simu, akalipakua kwa bando la usiku. Na laptopu yake, Dell ya mtumba, ina Linux Mint inayofanya kazi bila tatizo lolote. Alikuwa tayari nifute mashine nzima, pamoja na alama za mitihani za vidato vitatu, ili gemu la mwaka 1999 lipate Windows ya mwaka 2009.

Nikamuuliza kama amejaribu kulifungua kwenye mashine jinsi ilivyo. Hajajaribu. Ameambiwa halifunguki. Ameambiwa na nani? Na watu.

Basi leo nina neno na hao watu.

Imani yao ni hii: gemu la zamani linataka Windows ya zamani, na Linux haichezi gemu kabisa. Haikuzuka hewani. CD nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuja na kufuli la kuzuia kunakili, maarufu likiwa SafeDisc. Kufuli hilo lilitegemea draiva iitwayo secdrv, iliyokaa ndani kabisa ya Windows. Mwaka 2015 Microsoft wakaiona draiva ile kuwa tundu la usalama. Windows 10 ikatoka bila kuikubali. Mtu aliyekuwa na CD halali, aliyecheza miaka kumi, akaamka siku moja gemu limegoma, akarudisha Windows ya zamani, likafunguka. Hapo ndipo dawa ilipopata jina. Wanaoigawa hadi leo hawajui kwamba Septemba ya mwaka huohuo sasisho la Microsoft liliizima draiva hiyohiyo hata kwenye Windows 7. Dawa yao ilikuwa inafanya kazi kwa sababu tu mashine zao hazijawahi kusasishwa.

Lakini mwalimu hana CD. Ana nakala aliyoinunua mtandaoni, na nakala za GOG zinauzwa bila kufuli. Ndiyo biashara yao tangu 2008: wanachukua gemu la zamani, wanaling'oa kufuli, wanalirekebisha lifunguke kwenye mashine za leo, ndipo wanaliuza. Ugonjwa uliokuwa unatibiwa na Windows ya zamani haumo ndani ya faili alizopakua. Unamwekea bendeji mtu ambaye hajavunjika.

Tuseme tumekubali, tumepiga hiyo Windows 7. Nini kinafuata? Kama gemu umelinunua Steam, duka jingine la mtandaoni, umeishia hapo, kwa sababu Steam iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 1 Januari 2024. Kama laptopu ni ya Intel kizazi cha sita kwenda mbele, utawasha fleshi, skrini ya kusakinisha itakuja, na kipanya kitakuwa kimekufa. Windows 7 haina draiva za USB za mashine hizo. Nimeona mafundi wakibadilisha vipanya vitatu wakidhani ni vibovu. Kama gemu ni la katikati ya miaka ya 1990, huenda lenyewe ni la biti 32 lakini kisakinishi chake ni cha biti 16, na hakuna Windows ya biti 64, iwe 7, 10 au 11, inayofungua programu ya biti 16. Wine, programu inayoendesha programu za Windows kwenye Linux, inaifungua hata kwenye Linux ya biti 64. Rudia kusoma sentensi hiyo, maana wengi huiruka: yapo magemu ya Windows ambayo leo yanafunguka kwenye Linux na yanagoma kwenye Windows.

Halafu Windows 7 yenyewe inatoka wapi? Haiuzwi. Microsoft waliacha kuiziba matundu tarehe 14 Januari 2020. Inayozunguka mjini ni ile "iliyopunguzwa", inahama fleshi kwa fleshi, imekatwakatwa na mtu asiyejulikana ili iwe nyepesi, na inakuja na faili la kuidanganya kwamba ina leseni. Maelekezo ya faili hilo huanza na mstari mmoja: zima antivairasi kwanza. Mgeni anayekwambia umfunge mbwa, uzime taa na ulale ndipo aingie, wewe unamwita nani? Mashine za namna hiyo naletewa kila mwezi. Feni inalia mchana kutwa, hakuna programu iliyofunguliwa, na prosesa iko asilimia mia. Kuna mtu mahali fulani anachimba sarafu za kidijitali kwa umeme wa mwenye laptopu. Mwenyewe ananiambia mashine imechoka.

Dawa ya pili, binamu wa hiyo, ni kupakua faili moja la DLL kutoka tovuti yoyote iliyojitokeza na kulitupia kwenye folda ya gemu. Sitaipa nafasi zaidi ya hii: acheni.

Sasa tuseme Linux inafanya nini hasa. Gemu halijui limekaa kwenye Windows. Linachojua ni kuomba. Nipe dirisha la nukta 800 kwa 600. Nisomee faili hili. Piga sauti hii. Windows imezoea kujibu maombi hayo. Wine nayo inayajibu, kwa majina yaleyale, kisha inayapeleka Linux kwa lugha ya Linux. Ukienda mnadani na bibi asiyejua ila Kisukuma, na mnunuzi wa ng'ombe kaja kutoka Dar, humjengei bibi kijiji kizima cha Wasukuma alikotoka, unamtafuta mkalimani. Ndiyo maana hadithi kwamba "Wine inaigiza kompyuta nzima kwa hiyo inakula RAM" ni ya kuwazia tu. Prosesa ni ileile, maagizo ya gemu yanapita moja kwa moja. Kazi ya kuiunda Wine ilianza 1993, toleo la kwanza kamili likatoka Juni 2008, miaka 15 baadaye, na watu hawakulala tangu hapo. Agosti 2018 Valve, wenye Steam, wakaja na Proton, ambayo ni Wine iliyoongezewa vitu na kuwekwa ndani ya Steam. Tangu Februari 2022 wanauza mashine ya kuchezea ya mkononi, Steam Deck, isiyo na Windows ndani. Ni Linux. Kampuni haiwezi kuuza kifaa cha magemu juu ya mfumo usiocheza magemu.

Nchini kwetu dharau hii ya kukataa kabla ya kujaribu ina umri. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Swali la kwanza la watu lilikuwa kama itafungua faili za Word. Ilifungua. Hawakujaribu.

Kwa magemu ya DOS mjadala wenyewe ni wa kuchekesha. Nilimfungulia mwalimu folda ya SimCity 2000 niliyoinunua mwenyewe GOG. Ndani kuna faili za gemu, kuna faili dogo la mipangilio lenye mkia wa conf, na kuna folda nyingine inaitwa DOSBOX. Ukibofya picha ya gemu kwenye Windows, haifunguki SimCity. Inafunguka DOSBox, na DOSBox ndiyo inayoigiza kompyuta ya wakati ule na kuiendesha SimCity ndani yake. Huyu ni mwigizaji kweli, tofauti na Wine. Na DOSBox ipo kwenye Linux tangu ilipoanza 2002. Maana yake ni kwamba hata ukiwa na Windows halisi ya dukani, gemu lile halichezwi na Windows. Mwalimu aliitazama ile folda kwa muda, akasema, "Kumbe." Nikamwambia ndiyo, kumbe.

Ya kufanya, haraka, maana kuna foleni.

Umenunua Steam: weka Steam ya Linux, kama Proton haijawashwa kwa magemu yote iwashe kwenye mipangilio, pakua, cheza. Mashine ya zamani isiyo na Vulkan ya kuchorea picha, mfano Intel kizazi cha pili, inaweza kuonyesha skrini nyeusi; kwenye maelekezo ya kuwashia gemu andika PROTON_USE_WINED3D=1 %command% na ujaribu tena. Umenunua GOG: pakua kisakinishi chenyewe, kitunze kwenye diski ya nje, kisha tumia Heroic au Lutris, hizo zitakuwekea Wine bila kukusumbua. Ukiweka Wine mwenyewe kwenye Mint, anza na sudo dpkg --add-architecture i386, la sivyo utakosa sehemu ya biti 32 na utarudi hapa ukilia kwamba Linux ni mbovu. Gemu la DOS: DOSBox. Gemu la LucasArts la kubofya na kuongea: ScummVM, achana na yote mengine. Doom ya 1993: msimbo wake ulitolewa 1997, yapo matoleo ya Linux chungu nzima, wewe unaongeza faili lako la WAD. Diablo ya kwanza: DevilutionX. RollerCoaster Tycoon 2: OpenRCT2. Zote hizi zinataka faili za gemu ulilonunua, kwa hiyo hela yako haikupotea. Fortnite na Valorant msiniulize. Wenyewe wameamua hawataki Linux, na si magemu ya zamani.

Jambo moja dogo la manunuzi. Heroes III ipo ya aina mbili, na watu hukimbilia ile ya Steam ya 2015 kwa sababu picha zake zimesafishwa. Haina nyongeza mbili za gemu la awali, kwa kuwa msimbo wa nyongeza hizo ulipotea, na VCMI, injini nitakayoieleza sasa hivi, haiikubali peke yake. Chukua toleo kamili la GOG kama mwalimu. Hilo alilipatia.

VCMI ndiyo niliyomwekea. Ni injini mpya ya Heroes III, imeandikwa upya na watu wa kujitolea. Inakuomba kisakinishi chako cha GOG, inachomoa picha, sauti na ramani, basi. Dakika kumi hazikufika. Wimbo ukaanza, ngome ikatokea, shujaa wake akapanda farasi, na yule mwalimu wa hesabu mwenye mvi akanyamaza kama mtoto aliyepewa embe. Nikamwonyesha kwamba VCMI ipo hata kwenye Android, faili zilezile anaweza kuzihamishia kwenye simu. Simu hiyo, kwa taarifa yake, nayo ina Linux chini.

Alama za vidato vitatu zilikuwa palepale zilipokuwa. Akaikunja laptopu, akaitia kwenye begi, akalipa. Mlangoni akageuka.

"Sasa fundi, hii nayo niipigie antivairasi gani?"

Nikamwambia awahi boda, mvua inakuja.