Je, Wajua? Kibofu cha mtoto husubiri amri

Kibofu cha mtoto wa miaka 5 hubeba takriban mililita 180 za mkojo. Neva zitokazo sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo ndizo zinazouamuru msuli wa kibofu ukaze na, wakati huohuo, msuli wa mlango wake ulegee.

Kwa mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, kasoro inayotokea ndani ya siku 28 za mwanzo za mimba, amri hizo mara nyingi hupotea njiani. Kibofu husukuma huku mlango umefungwa, au hulegea tu kikajaa. Hapo ndipo penye hatari kubwa: mkojo hurudi juu na kuziharibu figo kimyakimya, hata kama mgongo ulishonwa vizuri.

Pembezoni mwa Mji Mkongwe, Unguja, Hospitali ya Mnazi Mmoja ina taasisi ya NED ya upasuaji wa ubongo na mgongo, iliyofunguliwa mwaka 2014, na watoto hawa hutibiwa hapo. Lakini kisu hakifufui neva zilizokwishaharibika. Kinachookoa figo ni mpira mwembamba wa kutolea mkojo, unaoingizwa kwa mikono safi kila baada ya saa 3 au 4, njia iliyoenezwa na daktari Jack Lapides wa Marekani tangu 1972. Mama hufundishwa; mtoto akikua, hujifanyia mwenyewe.

Na nepi iliyolowa isimdanganye mzazi: mtoto anaweza kuvuja kutwa nzima, na kibofu kikawa bado kimejaa.