Mvuvi wa Baraka Hulala Lini?

Haya wajukuu, sogeeni. Jua likiwa utosini hapa Baraka, Kongo, saa husema ni saa sita mchana. Vukeni Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, Tanzania: jua ni lile lile, lakini wenyeji watawaambia ni saa saba. Ndivyo nchi hizi mbili zilivyopanga saa zao. Watu wa eneo letu la Fizi waliokimbia vita mwaka 1996 wakaishi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, upande wa Kigoma, walipoanza kurudishwa kwa meli mwaka 2005, mwenye saa mkononi ilimbidi airudishe nyuma saa nzima.

Mimi naipenda hii saa ya kwetu, kwa kuwa inakwenda na jua. Tuko karibu na ikweta, basi mwaka mzima jua huchomoza kwenye saa kumi na mbili asubuhi na kuzama kwenye saa kumi na mbili jioni. Mama anayepanda kilima kwenda shambani hahitaji simu kumwambia awahi kabla ya joto. Mihogo nayo ina kalenda yake: huloweshwa siku kadhaa hadi ilainike, huanikwa, hutwangwa. Bukari, yaani ugali wa mihogo, mliyokula leo ilianza wiki iliyopita!

Lakini mvuvi siku yake imepinduka. Jua likizama, yeye ndiyo anaingia ziwani na taa. Mwanga huvuta vidudu vidogo vya majini, ndakala, yaani dagaa, huvifuata vidudu, samaki waitwao mikebuka huwafuata ndakala, na wavu uko chini unawangoja wote. Kukicha, mitumbwi inarudi. Wanawake wako ufukweni tayari, maana ndakala wabichi hawasubiri. Lazima waanikwe mapema, mchangani au kwenye vichanja, wapate jua la kutwa. Saa hiyo baba anakwenda kulala. Mkicheza kwa kelele mlangoni pake saa nne asubuhi, ni kama mtu anayewapigia ngoma ninyi usiku wa manane. Mwacheni apumzike, amefanya kazi usiku kucha.

Sasa, kuna usiku ambao naye hulala kama sisi. Mwezi ukijaa, mbalamwezi huenea ziwani kote, samaki hutawanyika, na taa haina tena nguvu ya kuwakusanya. Kwa siku kadhaa mitumbwi hukaa nchi kavu. Nyavu zinashonwa, mbao zinazovuja zinazibwa, na sokoni ndakala wanakuwa haba na ghali.

Baada ya hapo mwezi huchelewa kutoka, kila usiku karibu saa nzima zaidi. Giza la jioni linarudi, kwanza fupi, kesho yake refu kidogo, na wavuvi wanalitumia hilo hilo. Mwezi ukishajaa, tokeni nje kila jioni mwangalie unachomoza saa ngapi. Kisha mwambieni mama ni lini ndakala watashuka bei.