Mzee akilewa kila siku, usiseme ni uzee

Mzee anapoanza kunywa chang'aa tangu asubuhi, majirani husema, "Mwacheni, ni uzee." Wengine hudai amerogwa. Huko Migori na Homa Bay, kauli kama hizi huweza kumnyima mzee matibabu.

Kaunti hizi mbili za kando ya Ziwa Victoria ziliathirika vibaya na Ukimwi. Wazee wengi waliwazika watoto wao, wakabaki kulea wajukuu. Huzuni kama hiyo humfanya mtu atafute faraja katika chupa.

Lakini mwili wa mzee una maji machache kuliko wa kijana, hivyo hata pombe kidogo humlemea. Pia huvuruga dawa za kisukari na za shinikizo la damu.

Je, jamaa wafanye nini? Msimfungie nyumbani ili aache ghafla! Aliyezoea pombe kwa miaka mingi anaweza kutetemeka, kuweweseka, kushikwa na kifafa na hata kufa. Mpelekeni kwanza kwa daktari.

Si lazima kila mgonjwa alazwe Mathari, Nairobi. Wengi huweza kutibiwa kama wagonjwa wa nje: hupewa dawa na ushauri, kisha hurudi nyumbani. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yanazitaka kaunti zitoe huduma za akili. Anzeni kuuliza katika hospitali ya rufaa ya kaunti.

Nauli ya kurudi kliniki mara kwa mara ndiyo huwashinda wengi. Ikiwa twachangia matanga, mbona tusimchangie mzee nauli akiwa hai?