Mgeni wa Kariakoo: Vitu vya Kufungasha kwa Malazi Salama ya Hosteli

Mfanyabiashara anayefika Dar es Salaam kufuata bidhaa Kariakoo huhitaji malazi karibu na soko, na Kata ya Mchafukoge, wilayani Ilala, ni miongoni mwa maeneo yanayompa nafasi hiyo. Katika hosteli ambako chumba kimoja hulala watu kadhaa, usalama wa mtaji wake hutegemea kwa kiasi kikubwa alichofungasha nyumbani.

Cha kwanza ni kufuli imara la kabati au begi. Fedha nyingi zibaki benki au kwenye akaunti ya simu, na namba ya siri isiandikwe popote. Kitambulisho huhitajika wakati wa kujiandikisha mapokezi. Nakala yake ihifadhiwe mbali na kile halisi.

Kwa upande wa afya, mgeni abebe chandarua, kwa kuwa mbu waenezao malaria huuma usiku. Wale wa homa ya dengue, iliyolikumba Jiji mwaka 2014 na 2019, huuma mchana. Hivyo dawa ya kupaka nayo ni muhimu. Shuka jepesi, taulo, kandambili na tochi hukamilisha mzigo.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Mgeni atumie mfuko wa kitambaa.

Dharura ikitokea, Polisi hupatikana kwa namba 112 na Zimamoto 114. Namba za ndugu ziandikwe pia kwenye karatasi, kwani huenda simu yenyewe ndiyo iliyoibwa.