Mbio za Farasi za Nairobi, Zikitazamwa Kutoka Bukavu

Ziko mbio huko Ulaya na Marekani ambazo farasi hapandwi mgongoni, bali hufungwa kigari chepesi cha magurudumu mawili, mwendeshaji akakaa nyuma yake na hatamu mikononi. Na sharti lake kuu huko Ufaransa ni kwamba mnyama aende mwendo wa matiti tangu mwanzo hata mwisho, kwani akipiga shoti, aghalabu hutolewa mashindanoni hata kama amewatangulia wenziwe wote. Uwanja mashuhuri wa mchezo huo ni Vincennes, mjini Paris, ambako tangu mwaka 1920 hushindaniwa Prix d'Amérique, tuzo iliyowekwa kwa heshima ya Wamarekani waliopigana upande wa Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza.

Mji wetu wa Bukavu, ulioitwa Costermansville hadi miaka ya 1950, haukujaliwa ardhi ya anasa kama hiyo, maana umekaa juu ya rasi zilizoingia Ziwa Kivu na juu ya vilima vya miteremko mikali, ambako kiwanja cha mpira chenyewe hupatikana kwa taabu. Walakini adui mkubwa wa farasi katika Afrika ya kati si kilima, bali ni wadudu: mbung'o aletaye nagana katika nchi za chini, na usubi aambukizaye maradhi ambayo, yakiingia zizini pasipo chanjo, huweza kuua farasi tisa katika kila kumi. Ndiyo maana Wabelgiji, walipohitaji mnyama wa kukokota mizigo kule Uele, walithubutu hata kumfundisha tembo kazi hiyo!

Kwa hiyo atakaye kuona mbio za farasi zilizo karibu nasi hana budi kuelekea Nairobi, ijapokuwa huko farasi hupandwa na wala hafungwi kigari. Reli ilifika hapo mwaka 1899, na miaka michache baadaye walowezi wa Kiingereza walikwisha kuanzisha mashindano. Uwanja wao wa zamani ulikuwa upande wa mashariki wa mji, jirani na mtaa wa Kariokor. Mtaa huo jina lake latokana na jeshi la wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, na wengi wao hawakurudi makwao. Nasi watu wa Kivu tuna sababu ya kulisikia jina hilo kwa huzuni, kwa kuwa wazee wetu nao walibebeshwa mizigo ya Wabelgiji walipoiendea Tabora mwaka 1916.

Katika uwanja huo wa Nairobi ndipo alipopata sifa Beryl Markham, binti wa mkufunzi wa farasi wa Njoro, aliyepewa ruhusa ya kufundisha farasi wa mashindano angali kijana sana, katika zama ambazo kazi hiyo ilidhaniwa kuwa ya wanaume peke yao. Na mwaka 1926 farasi aliyemfundisha, Wise Child, akashinda mbio za St Leger. Dunia humkumbuka zaidi kwa kuivuka Atlantiki peke yake kwa ndege mwaka 1936, kutoka Uingereza kwenda magharibi, lakini mimi naona kazi yake ya farasi ilikuwa ndefu na ngumu zaidi, kwani aliirejea uzeeni na kuifanya karibu hadi kufa kwake, mwaka 1986.

Mwaka 1954 mbio zilihamishiwa barabara ya Ngong, kando ya msitu, ambako zipo hata leo. Mwaka huohuo, serikali ya kikoloni, iliyokuwa ikipigana na waasi wa Mau Mau, iliwakamata mjini humo maelfu ya Waafrika katika Operesheni Anvil na kuwapeleka kizuizini. Na kwa rai yangu, mtu hawezi kuisimulia habari ya uwanja ule kwa uaminifu akiyataja majukwaa na bustani zake tu, bila kuitaja na hiyo. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 uwanja haukufungwa, na sasa milango i wazi kwa kila mwenye nauli na kiingilio.

Basi msomaji atakayejaaliwa kufika Nairobi, na aulize mapema ni Jumapili ipi kuna mbio, aende akatazame, na fedha zake azifunge vema mfukoni, maana wacheza kamari wako pale nao.