Lugha nyingi hazimcheleweshi mtoto kusema

"Daktari, mtoto wetu ana miaka miwili na bado hasemi. Je, tunamchanganya kwa lugha nyingi?" Swali hili huulizwa sana na wazazi wa mijini. Nyumbani baba husema Kijaluo, mama Kikamba, na yaya Kiswahili. Kisha huongezwa Kiingereza, na siku hizi hata Kifaransa.

Jibu ni la. Lugha nyingi hazisababishi kuchelewa kusema. Tangu miezi ya kwanza, mtoto huweza kutofautisha sauti za lugha mbalimbali. Mwaka wa 1913, Jules Ronjat wa Ufaransa alichapisha kitabu kuhusu mwanawe, aliyesemeshwa Kifaransa na baba na Kijerumani na mama. Mtoto huyo alizimudu zote mbili.

Ni kweli kwamba huenda mtoto kama huyu akajua maneno machache katika kila lugha. Kwa hivyo yahesabu yote kwa jumla: "maji" ni neno moja, na "pi" la Kijaluo ni la pili. Akisema "nataka pi," hajachanganyikiwa. Hata watu wazima huchanganya lugha.

Hatari iko kwingine. Mzazi anapolaumu lugha na kungoja, huenda mtoto hasikii vizuri. Wengine huzaliwa hivyo. Wengine hudhurika kutokana na homa ya uti wa mgongo, au usaha unaotoka masikioni mara kwa mara. Kadiri tatizo linavyogunduliwa mapema, ndivyo mtoto anavyosaidika zaidi.

Mpeleke kwa daktari, na uombe apimwe masikio, iwapo:

• Ametimiza mwaka mmoja na habwabwaji, au hageuki aitwapo.

• Ana mwaka mmoja na nusu na hana neno hata moja katika lugha yoyote.

• Ana miaka miwili na haunganishi maneno mawili.

• Amepoteza maneno aliyoyajua, hata awe na umri gani.

Kama unataka kumfundisha lugha za kigeni, msemeshe kila siku katika lugha unayoimudu, wakati wa kula, kuoga na kucheza. Televisheni pekee haitoshi, kwa kuwa haimjibu. Wala usiiache lugha ya mama kwa kuogopa kumlemea. Hata mtoto mwenye tatizo la kusema anaweza kujifunza lugha mbili, naye angali anahitaji kuzungumza na nyanya yake.